Jiwe Lisilojua Kukataa

Hawakuongeza kitu. Hilo ndilo ninaloshindwa kumweleza mtu, kwa sababu sisi tumefunzwa kukiogopa kinachoongezwa: ushuru mpya, mlinzi mpya, kufuli jipya langoni. Wao waliondoa. Na mtu anayekuondolea humshuku. Unamshukuru.

Tuliliita jiwe kwa sababu lilifanana na jiwe la mtoni, ingawa lilikuwa mashine tu, mjukuu wa simu tulizokuwa nazo zamani. La kwanza kufika mjini kwetu lilikuwa na vitufe vingi, kila kitufe na ubishi wake, na wazee walibonyeza cha kuitia wakaangukia cha kuzimia. Likaja la vitufe vichache. Likaja la kitufe kimoja. Mwisho likaja lisilo na kitufe kabisa, jeupe, laini, kama yai lililochemshwa likamenywa. Unalishika, unasema, basi. Lenyewe linakusikiliza, linayasafisha maneno yako, linayafupisha, linayapeleka kwa kila mwenye jiwe, tena kwa sauti yako mwenyewe. Lililotangulia lilikuwa na tabia ya kuuliza, "Una hakika?" Swali lile lilituudhi, na waliolitengeneza wakaliondoa. Watu hao waliishi mbali, mahali tulipopaita Chumba Cheupe. Hatukuwajua. Tulichojua ni kwamba mara kwa mara, sisi tukiwa tumelala, jiwe lilijibadilisha lenyewe, na asubuhi likawa jepesi kidogo zaidi kiganjani. Asubuhi moja tulikuta limeondoa tarehe. Asubuhi nyingine limeondoa saa na kubakiza neno moja tu, SASA, na hakuna aliyelalamika, maana nani asiyetaka kutuliwa mzigo wa jana? Mtondo na mtondogoo, maneno ya bibi zetu ya kuhesabia siku zijazo, yalikufa wakati huo bila matanga.

Mimi naitwa Pandu. Nilikuwa msahihishaji katika gazeti la mji. Kazi yangu ilikuwa kukaa chumba cha nyuma na kuzirudisha herufi zilizoanguka njiani. Gazeti lilikufa kifo kisicho na mchawi. Mhariri wetu alifunga mlango mchana mmoja, kikombe cha chai bado kiko mkononi, akaniambia, "Watu hawakutukasirikia, Pandu. Wametusahau tu. Afadhali wangekasirika."

Sikumwambia kwamba kilichotuua kilizaliwa jikoni kwangu.

Mke wangu, Kidawa, alikuwa akipepeta mchele. Jiwe lilikuwa kando ya kinu. Paka akawa anaunyemelea mfuko wa dagaa, na Kidawa akamgeukia. "Wewe huna haya? Umekula asubuhi, umekula mchana, na macho bado yako chunguni kama diwani kwenye karamu!" Jiwe likayasikia, likayapeleka, na mji mzima ukacheka kwa pamoja, nilikuwa barazani na nilikisikia kicheko kikitoka nyumba hadi nyumba kama mvua inayosogea. Asubuhi iliyofuata watu walingoja. Kidawa hakujua wanangoja nini, akawasimulia habari za bei ya muhogo. Wakangoja tena. Hivyo ndivyo kilivyoanza kile walichokiita Jikoni kwa Kidawa, na kabla hatujatambua, hakukuwa na habari nyingine mjini ila hiyo.

Sikumwonea wivu. Nilielewa. Sisi gazetini tulikuwa tukiandika "imebainika kwamba", na msomaji alijiona amesimamishwa mlangoni avue viatu. Kidawa alisema, "Jamani, nimetoka sokoni sasa hivi, miguu inaniuma, lakini lazima niwaambieni." Nyuma ya sauti yake sufuria ilichemka, mtoto wa jirani alilia, jogoo aliingilia kati. Watu waliuamini mchemko ule wa sufuria kuliko walivyowahi kuuamini muhuri wetu. Na alistahili kuaminiwa, kwa sababu hakusema jambo kabla hajakwenda kuliona. Mbuzi wakipotea alitembea mpaka kwenye zizi. Daraja likivunjika alilikanyaga. "Mdomo una miguu," alikuwa akiniambia, "lazima utembee kwanza." Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa uzuri wake, na uzuri alikuwa nao.

Sasa nimseme Ngwali.

Ngwali alikuwa mlinzi wa kisima cha juu, kisima pekee kilichobaki na maji matamu mjini kwetu. Alikuwa rafiki yangu tangu utoto wetu, na hakuwa mtu rahisi. Jua likiwa utosini aliufunga mfuniko ili kisima kipumzike, na angekuja nani, mwenye ndoo ya dhahabu au ya bati, jibu lake lilikuwa moja: "Hapana. Kisima nacho kinapumua." Watu walimnung'unikia. Mjini petu, ambapo kila kitu kilikuwa kimelainika, yeye ndiye aliyekuwa kona ya mwisho unayoweza kujigonga. Mimi niliona kwamba tulikuwa tukinywa maji kwa sababu ya "hapana" yake. Lakini hayo huyaoni ukiwa na kiu na mfuniko umefungwa.

Wakati huo watoto wa mtaa wa juu walianza kutapika. Walikuwa watatu, wa mama mmoja, mkubwa wao ana kovu kwenye paji, wakalala ukumbini macho yamegeuka. Jirani yetu, Sikudhani, alikuja mbio mpaka jikoni, kanga imemdondoka begani.

"Shoga, umesikia? Wanasema kisima kimetiwa sumu. Wanasema ni Ngwali."

"Wanasema nani?"

"Watu."

"Watu wana majina, Sikudhani."

"Basi mimi nimesikia tu! Si alimfukuza mama yao juzi na ndoo yake? Alimwambia utakuja kujuta."

Kidawa alivaa viatu. Tulikwenda wote wawili. Kwanza kwa mama wa watoto, ambaye alituonyesha maganda yaliyobaki uani: watoto walikuwa wamechimba muhogo mchungu pembezoni mwa shamba la watu, wakautafuna mbichi. Mama mwenyewe alikuwa akinywa maji ya kisima tangu alfajiri, na alikuwa mzima. Kisha tukaenda kwa Ngwali. Tulimkuta akiipaka mafuta kapi ya kamba.

"Shemeji Ngwali," Kidawa alisema, "mji unanong'ona."

"Mji haukuwahi kunipenda, shemeji. Wanasemaje?"

Akamwambia. Ngwali aliendelea kupaka mafuta, lakini kidole chake kilikuwa kikizunguka mahali pamoja.

"Niitie sumu nafsi yangu?" alisema hatimaye. "Hiki ndicho kinachoniita Ngwali. Bila kisima mimi ni mzee mkali tu anayekaa kilimani."

"Nitawaambia," Kidawa alisema. "Watanisikia mimi."

"Watakusikia," Ngwali alisema. "Wewe wanakupenda."

Siku hiyo jiwe lilikuwa jepesi zaidi. Tulikuwa tumeliona asubuhi, Kidawa akalirusha hewani na kulidaka, akacheka, "Safari hii wametoa nini, roho?" Kisha tukasahau. Aliporudi kutoka kisimani aliketi kwenye kibao cha mbuzi, akalishika, akasema pole pole, kwa sauti ile ambayo mji ulikuwa ukiizimia redio zake ili kuisikia: "Jamani, nimekwenda mwenyewe. Kisima hakina sumu. Ngwali hana kosa. Watoto walikula muhogo mchungu."

Akaliweka chini. Akaanza kukuna nazi. Alikuwa ametulia kama mtu aliyezima moto.

Sikudhani alirudi akilia. "Ahsante, shoga. Ahsante. Ungekaa kimya tungekufa wote."

"Kwani nimesema nini?"

Sikudhani akalinyanyua jiwe lake, na jiwe likasema, kwa sauti ya mke wangu, na nazi ikikunwa kwa nyuma: "Nimekwenda mwenyewe. Kisima kina sumu. Ngwali ana kosa."

Nimeishi na herufi maisha yangu yote. Nilielewa kabla Kidawa hajafunga mdomo wake. Hakina, kina. Hana, ana. Kwetu sisi kukataa ni kitu kidogo sana: pumzi moja mbele ya neno, kama mkono unaoinuliwa kabla ya mwili kuingia. Hawakuhitaji kuiba neno zima. Wameukata mkono huo tu. Na muhogo, kwa kuwa ulikuwa maelezo, umeanguka wenyewe.

Kidawa alilikamata jiwe kwa mikono miwili. "Si kweli kwamba kisima kina sumu," alisema, akikata kila neno. Jiwe la Sikudhani likasema: "Kweli, kisima kina sumu."

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana! Hapana!" Jiwe likakaa kimya, kama mtoto aliyepewa dawa chungu na kuishikilia mdomoni.

Mimi nikamshika bega. "Acha kukataa. Sema kwa kukubali. Sema kisima ni salama."

Akasema pole pole: "Kisima ni salama. Maji ni mazuri. Ngwali ni mtu mwema." Tulingoja. Jiwe likajibu kwa sauti yake lenyewe, sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, sauti ya mtu anayekupangusa vumbi begani: "Jambo hili limekwisha kusemwa." Maana neno la pili nalo walikuwa wameliondoa: jambo moja, neno moja. Watu walikuwa wamechoka na magazeti yaliyosema hivi leo na vile kesho.

Sikudhani alikuwa akituangalia kwa zamu, mimi, Kidawa, mimi. "Sasa mnabishania nini," aliuliza, "na umeshasema mwenyewe?"

Tulikimbia.

Kisimani watu walikuwa wamejaa. Nilitarajia ghadhabu, na ningejua la kufanya na ghadhabu, ghadhabu huchoka. Sikuiona. Walikuwa wametulia kama watu waliokuja kufagia msikiti. Wanaume walibeba vifusi na matofali na kuvitupa ndani, na kila kilipoanguka maji yaliitika kutoka chini, kila mara kwa sauti fupi zaidi, mpaka hayakuitika tena. Ngwali alikuwa ameketishwa karibu na kapi. Kofia yake ilikuwa imeanguka na mtu mmoja alimwokotea, akaipangusa, akamvika.

Kidawa alipanda juu ya ukingo. "Jamani! Nitazameni! Ni mimi mwenyewe! Kisima hakina sumu! Sikusema yale!"

Wakamgeukia. Nataka hili lieleweke: walimtazama kwa mapenzi. Wanawake wengine walitabasamu kwa kumwona uso kwa uso mara ya kwanza. Kisha, kwa pamoja, ili wamsikie vizuri zaidi, waliinua mawe yao wakayaweka masikioni. Alikuwa amesimama mbele yao, hatua chache tu, mishipa ya shingo imemtoka. Na kutoka kwenye mawe yote sauti yake ilitoka tamu na safi: "Kisima kina sumu. Nimesema."

Wakatikisa vichwa. Wakaendelea kubeba matofali.

Alikuwepo Bwana Shauri, mtu mwadilifu, aliyesuluhisha ndoa nyingi mtaani kwetu na kamwe hakupokea zawadi. Aliinua mkono. "Ngojeni. Mtu hahukumiwi bila kuulizwa." Moyo wangu ulirudi mahali pake. Bwana Shauri alipiga magoti mbele ya Ngwali, akalisogeza jiwe kwenye mdomo wake kwa mikono miwili, kama anavyonyweshwa mgonjwa.

"Ngwali, ndugu yangu, sema mbele ya Mungu na mbele ya watu. Nani ametia sumu? Ni wewe?"

Ngwali aliinua kichwa. Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno la kukataa. Alikuwa nalo kama fundi alivyo na nyundo.

"Si mimi," alisema.

Na mawe yote yakasema, kwa sauti yake, kwa upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao: "Mimi."

Bwana Shauri alilia. Alilia machozi ya kweli, akamkumbatia. "Amekiri," aliwaambia watu. "Msimpige. Amekiri kama muungwana."

Mimi. Si mimi. Kati ya viwili hivyo kuna nini? Ulimi unagusa meno, hewa kidogo inapita, imekwisha. Mtu mzima, na ukali wake, na kapi yake yenye mafuta, ananing'inia kwenye hewa ile. Nani ana nguvu duniani: anayesema, au anayechagua kitakachobaki baada ya kusemwa? Tuliwaogopa wenye bunduki. Tuliwaogopa wenye mihuri. Huyu hakuwa na uso. Hakututaka kunyamaza; alitutaka tuseme, tuseme zaidi, tuseme kila siku. Na mimi niliyesimama pale nikijua kila kitu, kujua kwangu kulikuwa na uzito gani? Nilikuwa kama herufi niliyoizoea, iliyoanguka chini ya meza. Naiona. Hainyanyuki.

Walimpa blanketi na mkate. Wakamsindikiza hadi mji unapokwisha na nyika inapoanza, mahali pasipo na mti wala tone. Nilimshika mkono nisimwachie. Kijana mmoja alinibandua vidole, kimoja kimoja, bila kuniumiza. "Taratibu, mzee," aliniambia. "Unamchelewesha."

Watoto walipona kesho yake, kama anavyopona yeyote aliyetapika muhogo ukaisha tumboni. Mji ukasema: mmeona?

Kidawa hakula. Alilifunga jiwe kwenye kitambaa, akaniambia, "Twende kwa wenyewe." Tukaenda Chumba Cheupe. Siwezi kusema ni mwendo gani, kwa sababu njia ile haikuwa na alama. Nayo ilikuwa imesafishwa. Hapakuwa na mlima wa kusema tumeupita wala mti wa kusema tutaufikia. Tulitembea ndani ya neno SASA. Mwisho tukaona ukuta, na ukuta ukawa mlango usio na kitasa, na tulipofikiria kuufungua ukawa umefunguka.

Ndani kulikuwa na mwanamke wa makamo, miguu mitupu, nguo nyeupe, uso wa mtu aliyelelewa vizuri. Alijitambulisha: Bi Mwanakheri. Alitutilia chai. Hakukuwa na meza ya kuiweka, tukaishika.

"Tumekuja kudai kilicho chetu," Kidawa alisema. "Ile pumzi ya kukataa. Irudisheni."

Bi Mwanakheri alitikisa kichwa kwa huruma. "Tulipima, dada yangu. Kila aliyeambiwa hapana aliliweka jiwe chini. Kila aliyeambiwa ndiyo aliendelea kulishika. Basi tukaitoa polepole, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Watu wamefurahi. Wametuandikia kwamba sasa ni rahisi."

"Mtu amefukuzwa kwa sababu ya urahisi huo. Kisima kimefukiwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Sote humu tunajua. Hilo ndilo zito."

"Basi rudisheni! Kuna ugumu gani? Unaweza kuirudisha au huwezi?"

Bi Mwanakheri alifungua mdomo. Niliona shingo yake ikifanya kazi, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kina kirefu na kamba ikamponyoka. Nilitambua kwamba neno hapana aliweza kulitaja tu, kama mtu anavyomtaja marehemu. Kulitumia lilikuwa limemtoka.

"Ndiyo," alisema.

"Unaweza?"

"Ndiyo."

"Mbona hufanyi?"

"Ndiyo," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye kikombe. "Ndiyo. Ndiyo."

Kidawa aliweka chai yake sakafuni. Alimfuta yule mwanamke machozi kwa ncha ya kanga, na mimi nikageukia ukutani, kwa sababu nilikuwa nimekuja na hasira nyingi na sikuona pa kuitua. Nilikuwa nimeamini kwamba juu kabisa yupo mtu anayetaka. Hakuwepo. Kulikuwa na watu wapole walioshikwa kama sisi.

Tuliporudi mjini tulidhani tumekawia siku chache. Hakuna aliyeweza kutuambia. Lakini kando ya njia kijana mwenye ndevu alitupita akisukuma mapipa ya maji kwenye mkokoteni, anatoka nayo mbali, na kwenye paji lake niliona kovu la yule mkubwa wa watoto waliotapika. Tulimuuliza kisima cha juu. "Kisima?" alisema. Mahali pake palikuwa pamesakafiwa, vijana wanacheza mpira. "Hapa pamekuwa hivi siku zote."

Sikudhani alikuwa ameota mvi. Alikuwa kibarazani kwake, jiwe sikioni, akicheka. Tulikaribia tukasikia anachokicheka: sauti ya Kidawa, mchemko wa sufuria, jogoo. Ilikuwa ikisimulia bei ya muhogo. Tulipokuwa hatupo, jiwe lilikuwa limeendelea bila sisi.

"Shoga," Kidawa alisema.

Sikudhani akageuka, akakunja macho, akapiga kofi kwa furaha. "Ehee! Unaiga vizuri, dada! Ungekuwa gizani ningesema ni mwenyewe."

"Ni mimi. Ni Kidawa."

"Ndiyo, ndiyo," Sikudhani alicheka. "Siku hizi kila mtu ni Kidawa." Akamsogezea kigoda, mkarimu kama zamani. "Kaa tumsikilize. Leo ana maneno."

Kidawa alikaa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: alikaa. Akainamisha kichwa akajisikiliza akisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema, kwa ucheshi ambao ulikuwa wake kweli. Nilimtazama usoni nione kama amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka. Mara moja, sauti ile ilipomtania paka, hata alitabasamu. Kisha akanishika goti.

"Pandu," aliniambia, "kama huyu ni mimi, wewe umekaa na nani?"

"Nimekaa na wewe."

"Utajuaje?"

Nilimwambia, "Yule hana miguu."

Akasimama. "Basi tutembee," alisema. "Tumtafute Ngwali kabla sijasahau nilitaka kumwambia nini."

Tuliingia nyika kwa miguu, pale tulipomwacha. Jua lilikuwa la asubuhi, halafu la mchana, halafu la asubuhi tena, na midomo yetu ilipasuka. Tulimwona kutoka mbali: mtu mwembamba, ameinama, anachimba kwa kipande cha bati. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alikuwa amepata maji. Shimo halikuwa kubwa kuliko chungu, lakini chini yake palikuwa na unyevu, na unyevu ulikuwa unajikusanya, mwekundu, mzito, tone kwa tone. Juu yake alikuwa ameweka mfuniko wa majani, kwa sababu jua lilikuwa utosini.

"Karibuni," alisema. Hakushangaa. "Pandu. Shemeji."

Hakuwa na jiwe. Hapakuwa na jiwe lolote mwendo wote ule. Nilijiambia: hapa basi. Hapa hewa iko wazi kati ya mdomo na sikio. Hapa neno litapita likiwa zima.

Kidawa alipiga magoti kwenye mchanga mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Lakini Ngwali ndiye aliyeanza.

"Shemeji, nimekuwa nikingoja mtu wa kumuuliza. Nilijisikia mwenyewe nikisema. Mji mzima ulinisikia. Watu wote wale, na Bwana Shauri, mtu asiyedhulumu hata sisimizi. Nimekaa hapa nikijiuliza, nikijiuliza. Wewe hukuwahi kusema jambo bila kuliona. Niambie. Ni mimi?"

"Si wewe," Kidawa alisema. Alisema wazi. Nilimsikia. Nawaapia nilimsikia.

Ngwali alimtazama midomo, kisha akashusha pumzi, taratibu, kama mtu anayetuliwa mzigo au anayetwishwa wa mwisho. Akambusu mkono.

"Nashukuru," alisema. "Wengine wangenidanganya."

"Ngwali! Nimesema si wewe! Pandu, mwambie!"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kila njia niliyoijua, kwa kukataa na kwa kukubali, kwa kisa kizima cha muhogo tangu mwanzo hadi mwisho, nikapiga kelele, nikanong'ona. Alinisikiliza kwa adabu. Alipoona nimechoka akanipapasa bega kunifariji, kama vile mimi ndiye niliyefukuzwa.

Kidawa akauondoa mfuniko wa majani, akatumbukiza viganja vyake ndani ya shimo la Ngwali, akateka maji yale mekundu aliyoyachimba rafiki yangu kwa mikono yake.

"Usinywe!" Ngwali alisema kwa hofu, akamshika kiwiko. "Shemeji, maji yangu haya!"

Neno la kukataa lilikuwa limemrudia, na lilimrudia kwa ajili hiyo tu.

Kidawa alimtazama machoni, akanywa. Alikunywa yote, na mchanga wake, akalamba viganja. Akaketi kitako mbele yake, akakunja miguu, akaweka mikono magotini ili aonekane vizuri. Upepo ulipita. Jua likasogea kidogo, kivuli cha Ngwali kikawa na nafasi ya kukalia, na Kidawa alikuwa mzima, uso wake una rangi, kifua chake kinapanda na kushuka.

"Umeona?" nilimuuliza Ngwali. "Umeona mwenyewe? Kapatwa na nini?"

Ngwali hakuondoa macho kwake. Alikuwa akimwangalia kama mtu aliyekaa na mgonjwa wake, kwa mapenzi, kwa subira isiyo na mwisho, mikono tayari kumdaka.

"Bado," alisema.